Taka za Plastiki na Dawa ya Kutenga Mafuta na Maji

(Mazungumzo ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa Mkutano Mkuu, katika kutimiza miaka kumi ya Chama)



Katika sherehe kama hii ni desturi Katibu kusimama akasoma hesabu: kilo za alizeti zilizopokewa ghalani, fedha zilizolipwa wakulima, na madeni yaliyosalia. Hesabu hizo mmekwisha kugawiwa, na Mkaguzi amekwisha kuzitia sahihi, kwa hiyo sitazirudia. Bodi imeniagiza niseme juu ya jambo jingine, ambalo kwa miezi kadhaa limekuwa likizungumzwa kila kituo cha kununulia mazao, nalo ni taka za plastiki.

Wanachama wengi wameniuliza, wengine kwa barua, wengine wakinikuta mizanini: "Katibu, ni kweli kwamba dumu bovu laweza kugeuzwa likawa sabuni? Ni kweli kwamba sabuni ya namna hiyo yatakiwa na wachimbaji wa petroli ili kutenga mafuta na maji? Na ikiwa ni kweli, mbona Chama hakikopi fedha kikanunua mtambo, nasi tukaneemeka?" Hoja ya kukopa imo katika ajenda ya alasiri, na mkopo wenyewe ni mkubwa kuliko wowote uliopata kuombwa katika miaka yetu kumi. Yafaa basi, kabla hamjanyosha mikono, mjue mnanyosha kwa ajili gani.

Mimi si mtaalamu wa kemia. Elimu yangu ni ya sekondari, na haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wanaojua. Lakini jambo lenyewe si gumu kama linavyoonekana, maana mwanzo wake umo jikoni na zizini kwetu.

Kila mama aliyepata kukamua tui, na kila mzee aliyepata kusuka kibuyu cha maziwa, anaijua habari hii. Twasema mafuta na maji havipatani, na ni kweli. Ukivimimina pamoja katika chupa, mafuta hupanda juu na maji hukaa chini. Hata hivyo maziwa ni maji yenye mafuta ndani yake, na tui pia ni hivyo hivyo. Mafuta hayo yamegawanyika katika vitone vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, na kila kitone kimevikwa ngozi nyembamba inayokizuia kuungana na mwenziwe. Mzee anaposuka kibuyu, vitone hupigana hata ngozi zikapasuka, mafuta yakashikana, siagi ikapatikana. Mchanganyiko wa namna hii, uwe wa mafuta ndani ya maji au wa maji ndani ya mafuta, wataalamu huuita emalsheni. Kazi ya kuuvunja ni kazi ya kuvunja ngozi ile.

Petroli nayo ina tabu hiyo. Wengi wetu hudhani kwamba mafuta hutoka ardhini yakiwa safi, kama maji ya chemchemi. Sivyo. Hupanda pamoja na maji, na mara nyingi maji hayo yana chumvi nyingi. Yanapopita kwa nguvu katika mabomba, milango na pampu, huchapwa kama maziwa ndani ya kibuyu, lakini matokeo ni kinyume: maji huvunjika yakawa vitone vidogo ndani ya mafuta. Mafuta ghafi yana vitu vizito vya jamii ya lami, viitwavyo asfaltini, navyo hukimbilia kila kitone cha maji na kukivika ngozi ngumu. Mchanganyiko huo waweza kukaa siku nyingi bila kujitenga. Tena hauwezi kuuzwa hivyo hivyo, kwa kuwa chumvi hula mabomba na mitambo, na kusafirisha maji kwa gharama ya mafuta ni hasara tupu. Kwa kawaida mnunuzi hutaka maji na takataka visizidi nusu au sehemu moja katika sehemu mia.

Watu walianza kutafuta dawa ya tabu hiyo zaidi ya miaka mia iliyopita. Mwaka 1911 Frederick Cottrell wa Marekani alipewa hati ya uvumbuzi wa kutenga maji na mafuta kwa nguvu ya umeme. Mwaka 1914 Mmarekani mwingine, William Barnickel, alipewa hati ya kuyatenga kwa dawa. Baada ya hapo zilitumika sabuni za kawaida, na baadaye mafuta ya nyonyo yaliyotiwa asidi ya salfa. Nataja nyonyo makusudi, ili wazee waliozilima wajue kwamba zao hilo lilipata kufanya kazi hata katika visima vya petroli. Tangu miaka ya 1940 dawa nyingi za kazi hiyo zimekuwa zikitengenezwa viwandani kutokana na petroli yenyewe.

Dawa hizo zote ni za ukoo mmoja, na sabuni tunayofulia ni ndugu yao. Wataalamu huziita safaktanti. Kila chembe ya safaktanti ina pande mbili: kichwa kinachopenda maji, na mkia unaopenda mafuta. Kwa sababu hiyo haikai katikati ya maji wala katikati ya mafuta, bali hujipanga mpakani, kichwa huku na mkia kule. Unapofua nguo yenye mafuta, mikia hushika mafuta na vichwa hushika maji, uchafu ukachukuliwa.

Hapo mtu mwenye akili ataniuliza: "Katibu, ikiwa sabuni huchanganya mafuta na maji, itakuwaje tena ndiyo iyatenganishe?" Ni swali zuri. Ngozi inayozunguka vitone vya maji katika petroli imelindwa na walinzi imara, yaani zile asfaltini. Dawa ya kutenga huchaguliwa iwe nyepesi kufika mpakani kuliko wao. Huwasukuma wakaondoka, ikasimama mahali pao. Lakini yenyewe ni mlinzi legelege. Kitone kikikutana na kitone, ngozi haistahimili, vitone huungana, vikawa vikubwa, na kwa uzito wao huzama chini. Mafuta hubaki juu. Kiasi kinachotumiwa ni kidogo mno, mara nyingi makumi au mamia ya sehemu katika sehemu milioni. Na sehemu 100 katika milioni ni sawa na lita moja katika lita 10,000. Tena ukizidisha, dawa yenyewe yaweza kuuimarisha mchanganyiko badala ya kuuvunja. Kwa hiyo kila kisima hupimiwa dawa yake na kiasi chake, wala hakuna dawa moja ifaayo mafuta yote ya ulimwengu.

Sasa plastiki yaingiaje hapa? Sabuni hupikwa kwa mafuta. Asidi za mafuta ya alizeti yetu, kwa sehemu kubwa, zina mnyororo wa kaboni 18, na mwishoni mwa mnyororo kuna kichwa cha asidi. Dumu la mafuta, mfuko mwororo, ndoo na kiroba cha mbolea vimetengenezwa kwa plastiki ziitwazo polithini na polipropilini, nazo pia ni minyororo ya kaboni, lakini mirefu ajabu, kaboni maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo mnyororo wa polithini ni kama mkia wa sabuni uliorefuka kupita kiasi, tena usio na kichwa. Akitokea mtu akaukata mkia huo vipande vya kadiri, kisha akakipachika kila kipande kichwa, atakuwa amepata asidi ya mafuta. Akiipika na kostiki soda, amepata sabuni.

Kusema ni rahisi. Ugumu umo katika kukata. Plastiki ikitiwa moto mwingi mahali pasipo hewa, minyororo hukatika ovyo, mingi ikawa gesi na mafuta mepesi ya kuwaka, mifupi mno kwa sabuni. Mwezi wa Agosti 2023, Profesa Guoliang Liu na wenzake wa chuo kikuu cha Virginia Tech, huko Marekani, walieleza katika jarida la Science namna walivyolitatua. Liu alikuwa akitazama kuni zikiwaka katika meko ya nyumbani wakati wa baridi, akafikiri juu ya moshi na vile vipande vidogo vinavyopanda nao. Wakatengeneza tanuri lenye moto mkali chini na ubaridi juu. Plastiki huchemka chini. Vipande vilivyokatika hupanda kama mvuke, na vikifika juu kwenye ubaridi huganda kabla havijakatwa tena, kama jasho linavyoganda katika mfuniko wa sufuria. Kinachopatikana ni nta. Nta hiyo hutiwa hewa pamoja na kichocheo chenye madini ya manganizi, ikapata vichwa, ikawa asidi ya mafuta, na mwisho ikawa sabuni.

Waliripoti kwamba karibu sehemu 80 katika 100 za plastiki ziligeuka kuwa asidi za mafuta, na kwamba njia hiyo yafaa hata kwa taka za mjini zilizochanganyika polithini na polipropilini. Asidi hizo si sawasawa na zetu. Uzito wa chembe zake wafika kama 700 katika kipimo cha kemia, ilhali asidi iliyo nyingi katika alizeti ni kama 280. Kadhalika walipiga hesabu wakaona kwamba kiwanda kikubwa chaweza kujiendesha bila ruzuku. Lakini sikilizeni vizuri, ndugu wajumbe: kazi waliyoieleza ilifanyika maabara, na kiwanda kilikuwa hesabu ya kwenye karatasi. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, kama shamba na ramani ya shamba.

Tena uvumi uliotufikia umechanganya habari mbili zikawa moja. Habari ya dumu kugeuka sabuni ni hiyo niliyoieleza. Habari ya taka kugeuka dawa ya kutenga petroli ni nyingine, nayo yahusu zaidi chupa za maji na soda. Chupa hizo ni za plastiki ya namna nyingine, iitwayo PETI, na minyororo yake imefungwa kwa kifungo cha jamii ile ile kinachounganisha asidi na gliserini katika mafuta ya alizeti. Kama vile kostiki inavyokifungua kifungo hicho tunapopika sabuni, ndivyo wanakemia wanavyoifungua PETI kwa vileo vizito vya viwandani au kwa kemikali za jamii ya amonia. Vipande vinavyopatikana huunganishwa na sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazopenda mafuta, ikapatikana safaktanti. Watafiti wa Misri, na wa Chuo Kikuu cha King Saud mjini Riyadh, wamechapisha kazi za namna hiyo, na wale wa Riyadh wamezijaribu dawa zao katika mafuta mazito ya Uarabuni, maji yakatengana. Ni kazi ya kusifiwa. Na ni haki ifanyike huko, kwa sababu visima viko huko, na mafuta ya kujaribia dawa yako mlangoni pao.

Hapa naifikia hoja ya mkopo. Waliotujia na habari ya mtambo wametuambia maneno matatu, nami nitayajibu moja moja bila kumtaja mtu, kwani shabaha yetu ni kuamua jambo, si kugombana na mtu.

Neno la kwanza ni kwamba bomba la mafuta ghafi litatununulia dawa. Sote twalijua bomba hilo, maana njia yake yapita katika mkoa wetu wa Singida, na baadhi ya wanachama wetu wamelipwa fidia ya ardhi. Urefu wake ni kilometa 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, na kati ya hizo kilometa 1,147 ziko Tanzania. Lakini mafuta hutengwa na maji huko huko Uganda, karibu na visima vya Ziwa Albert, kabla hayajaingizwa bombani. Bomba lenyewe limepangwa lipashwe moto njiani kwa kuwa mafuta yale yana nta nyingi na huganda yakipoa, wala si kwa ajili ya kutenga maji. Basi bomba kupita shambani kwako si kusema kwamba lina haja na kilicho ghalani mwako. Na huko visimani kwenyewe, dawa haipokewi mpaka ijaribiwe katika mafuta yale yale, ikalinganishwa na nyingine, ikapata vibali. Je, sisi tuna maabara? Tuna mwanakemia hata mmoja? Hatuna.

Neno la pili ni kwamba mtambo ni mdogo, waweza kukaa nyuma ya ghala. Ndugu zangu, plastiki ikipikwa hutoa gesi na mvuke unaoshika moto. Tanuri likivuja, moto utakuwa jirani na mashudu na magunia yenu, katika ghala lenye mazao ya watu wengi. Tena ikiwa ndani yake kimeingia kipande cha bomba la maji la plastiki, lile la PVC, joto hutoa asidi kali ya kloridi, itakayokula chuma cha mtambo na mapafu ya mfanyakazi. Kazi hii ni ya kiwanda chenye wahandisi, vipimo na zimamoto. Mtu asijaribu nyumbani kwa pipa na kuni. Narudia: mtu asijaribu.

Neno la tatu ni kwamba dawa hiyo itatusaidia katika kiwanda chetu cha kusafisha mafuta. Mafundi wetu wanajua kwamba tunapotia kostiki soda ili kuondoa asidi katika mafuta ya alizeti, sabuni huzaliwa humo humo. Na tukiosha kwa maji na kukoroga kwa nguvu, hutokea utando mzito wenye rangi ya maziwa, umeshika mafuta mazuri. Hiyo nayo ni emalsheni, na ni hasara yetu ya kila msimu. Lakini dawa yake twaijua, nayo ni rahisi: maji ya moto, kukoroga kwa upole, chumvi kidogo, na subira ya kuyaacha yatulie. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli, iwe ya plastiki au si ya plastiki, haina ruhusa kukaribia mafuta ya kula. Jina la mafuta yetu tumelijenga kwa miaka kumi. Twaweza kulipoteza kwa wiki moja.

Ipo pia hofu iliyosemwa na wajumbe wa upande wa pili, nami naona si hofu ya kipuuzi. Wamesema: "Ikiwa plastiki itatoa asidi za mafuta, je, haitatuua sisi tunaolima mafuta?" Ukweli ni huu. Viwanda vya sabuni ulimwenguni hupata asidi zao zaidi kwa mafuta ya mawese na ya wanyama. Zikija za plastiki kwa bei ndogo, zitagombana na mafuta hayo, na huenda zikagombana na mashapo yetu tunayowauzia wapika sabuni. Hasara hiyo itakuwapo, ingawa ni ya upande mdogo wa mapato yetu. Lakini chupa ya mafuta ya kupikia haitaguswa, kwa kuwa hakuna atakayekaanga samaki kwa dumu. Kwa hiyo mkulima asiache alizeti. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Baada ya kusema hayo yote, msidhani kwamba nawashauri mkae kitako. Ripoti ya shirika la OECD iliyotolewa mwaka 2022 yaeleza kwamba taka za plastiki za mwaka 2019 duniani kote zilikuwa tani milioni 353, na kwamba ni sehemu 9 tu katika 100 zilizorudishwa kazini. Nchini kwetu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni, 2019, nasi twaona nafuu. Lakini viroba, madumu na chupa bado vimetapakaa mashambani. Mbuzi na ng'ombe hula vipande vyake wakavimba na kufa, na mfugaji akipasua tumbo hukuta nailoni iliyofungamana kama kamba. Wengine huvichoma, watoto wakavuta moshi. Kwa hiyo kazi ipo.

Na katika safari ndefu ya plastiki kuwa safaktanti, hatua ya kwanza haihitaji maabara. Hatua hiyo ni kuchambua. Mmesikia kwamba dumu laenda njia moja na chupa ya maji njia nyingine, na kwamba PVC huharibu kazi yote. Mwanakemia wa Virginia na mwanakemia wa Riyadh, kila mmoja ataanza kwa kuuliza: "Je, mzigo huu umechambuliwa?" Rundo lililochanganyika ni takataka, rundo lile lile likichambuliwa ni malighafi. Na kazi ya kuchambua ni nani aijuaye kuliko sisi? Wakulima wa pamba waliokuwa wakitenga pamba safi na fifi wamo humu ukumbini. Wanajua kwamba bei haikupatikana shambani peke yake, bali ilipatikana pia katika kuchambua.

Nashauri basi kila chama cha msingi kiweke mafungu manne. Fungu la kwanza ni madumu, ndoo, viroba na nailoni za polithini na polipropilini. Vingi vina alama ya pembetatu yenye nambari 2, 4 au 5. Fungu la pili ni chupa za maji na soda, zenye nambari 1, lakini vifuniko vyake viondolewe na kutiwa fungu la kwanza, kwa sababu si plastiki ya namna moja na chupa. Fungu la tatu ni mabomba na vitu vyote vyenye nambari 3, nalo likae mbali. Fungu la nne ni makopo ya dawa za wadudu na magugu: haya yasuuzwe mara tatu shambani, maji ya kusuuzia yarudishwe katika bomba la kupulizia, kopo litobolewe lisitumike tena, wala lisichanganywe kabisa na mengine. Plastiki ioshwe tope na kukaushwa kabla ya kupimwa. Na nawaombeni, pasiwe na mtu atakayetia mawe ndani ya kiroba ili kuongeza kilo. Mnakumbuka pamba iliyotiwa maji na mchanga ilivyotuharibia jina kwa wanunuzi; taka nazo zina wanunuzi, na wanunuzi wana macho.

Mafungu mawili ya kwanza yana soko hata leo kwa wanaosaga na kuyeyusha plastiki mijini, ingawa bei ni ndogo. Bei ndogo ya mzigo safi ni bora kuliko ndoto kubwa ya mtambo wa deni. Na siku kiwanda cha kugeuza plastiki kitakapojengwa, kiwe cha sabuni au cha dawa ya petroli, kitamtafuta mwenye mzigo uliochambuliwa, mwenye daftari la kilo na tarehe. Siku hiyo tutakaa mezani kama wauzaji, wala hatutakwenda kama waombaji.

Bwana Mwenyekiti, kwa niaba ya Bodi naleta mbele ya Mkutano mapendekezo matatu. Kwanza, hoja ya kukopa fedha za mtambo ikataliwe, na ukomo wetu wa madeni ubaki kama ulivyoidhinishwa na Mrajis, kwa ajili ya pembejeo na malipo ya wakulima. Pili, kila chama cha msingi kitenge sehemu ya uwanja wake, iliyoezekwa na kuzungushiwa uzio, kwa ajili ya plastiki iliyochambuliwa, na karani aandike daftari lake kama anavyoandika la alizeti. Tatu, vijana wawili wenye masomo ya sayansi, watoto wa wanachama, walipiwe na mfuko wetu wa elimu wakasome kemia ya viwanda. Kumsomesha kijana kwachukua miaka mingi, lakini elimu haiungui kama ghala, wala haishiki kutu.

Wazee waliokianzisha Chama hiki hawakuanza kwa mitambo. Walianza kwa mizani moja iliyopimwa kwa haki na kwa daftari lililoandikwa bila kufutwafutwa. Watu wakaamini, magunia yakaja, na ghala likajengwa. Haba na haba ndiyo iliyojaza kibaba chetu. Mkiyapitisha mapendekezo haya, karani wa kila kituo atapewa kabla ya msimu huu karatasi yenye alama za mafungu manne, aibandike ukutani karibu na mizani, ili kila mwanachama aione anapoleta alizeti yake.